ULIZA BAHARIA: Nimebaki na picha moja na majina ya utani

Wasomaji wangu, toleo lililopita niliandika mistari minne tu, kwamba tumekutana watu saba tuliowahi kupanda meli moja, zaidi ya miaka 30 hatujaonana, tukala pweza tukacheka hadi mmoja wetu akaanza kutafuta dawa zake za presha mfukoni. Basi mistari minne hiyo imeniletea meseji nyingi kuliko hata ile makala ya bei ya mafuta. Najibu chache, zilizofanana nimeziunganisha, na aliyeniuliza kama bado naweza kupanda ngazi ya kamba namwambia siwezi, hata ya nyumbani nashika ukuta.

Asalaam aleikum baharia mwenzangu. Niko Tanga, nina miaka 74. Nilikuwa oila, yaani mtu wa kulainisha mashine za injini, kwenye meli ya lile shirika la nchi nne, 1972 mpaka 1976. Nina picha moja tumekaa watano juu ya mlango wa ngama, yaani tumbo la mizigo, Antwerp, baridi kali, makoti yote ya mtumba. Wawili najua wametangulia. Waliobaki mmoja ni Mganda na mmoja ni mtu wa Lamu, lakini nina majina ya utani tu, Saa Sita na Bwana Kamba. Mjukuu wangu kawatafuta Facebook wiki nzima hajapata kitu. Nifanyeje? (Mstaafu, Tanga)

Waaleikum salaam kaka. Mjukuu wako hana kosa, anatafuta kwa njia ya vijana, yaani jina la paspoti, na kwenye meli nani alikuwa anajua jina la paspoti la mwenzake? Labda kepteni na yule wa kuandika mishahara.

Kwa wasiojua, kaka yetu anaongelea Eastern Africa National Shipping Line, ilianzishwa 1966 na Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Ndiyo, Uganda na Zambia, nchi ambazo ukitaka kuona bahari inabidi upande treni kwanza. Tulikuwa tunawatania sana hao jamaa, ila walikuwa mabaharia wazuri. Shirika lenyewe mwanzoni mwa miaka ya 80 halipo tena, watu wakatawanyika, wengine wakahamia meli za Wagiriki, wengine wakaingia kwenye tagi za bandarini, zile boti za kuvuta meli, wengine wakarudi kulima, kwa hiyo unaowatafuta wanaweza kuwa popote.

Sasa anza na jina lenyewe. Saa Sita bila shaka alikuwa wa zamu ya saa sita mpaka saa kumi, si unakumbuka zamu zilivyokuwa, masaa manne kazini masaa manane mapumziko, usiku saa sita unaamshwa mchana saa sita unaamshwa, na chini injini mara nyingi zamu ile ilikuwa ya injinia wa tatu. Kwa hiyo husemi tu "namtafuta Saa Sita". Sema "namtafuta Saa Sita, Mganda, wa zamu ya injinia wa tatu, meli fulani, mwaka fulani, tulipanda wote bandari fulani". Mtu aliyekuwepo akisikia hivyo hawezi kukaa kimya. Jina la meli na mwaka usikisie, fungua kile kitabu chako cha baharia, kila meli imegongwa muhuri, tarehe ya kupanda na tarehe ya kushuka. Kama kimeliwa na mende jaribu hata kusoma upande wa nyuma kwenye mwanga wa jua, muhuri wa zamani ulikuwa unapenya karatasi.

Halafu usiishie kwenye simu. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta. Sisi tulikuwa na donkimani wetu, mtu wa injini, meli ilimuacha Hamburg, alichelewa, mwenyewe anajua alichelewa wapi, akapanda treni akatukuta Bremen amekaa gatini anatungoja sisi. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Hamburg. Miaka mitatu iliyopita nikaenda kumtafuta Mtwara, siku mbili nauliza kwa jina lake la ubatizo, sokoni, kanisani, kwa mjumbe, hakuna anayemjua. Siku ya tatu nimechoka nipo kituo cha bodaboda, nikasema hivi jamani hakuna mzee hapa anaitwa Hamburg? Kijana akawasha pikipiki, "Mzee Hamburg? Panda." Dakika kumi niko mlangoni. Kafungua, kaniangalia kutoka juu mpaka chini, salamu hakuna, neno la kwanza, "Sabuni yangu unayo?" Nilimuazima sabuni 1983 sikumrudishia!

Kwa hiyo huyo wa Lamu mtume mtu Lamu, akae barazani jioni, ataje Bwana Kamba. Ile picha nayo ipige vizuri kwa simu na nyuma yake andika kila unachokumbuka, nani kasimama wapi, nani alikuwa deki nani injini. Ipeleke pia kwa chama cha mabaharia, hapa kwetu TASU na Mombasa wapo Seamen's Union of Kenya, wazee wengi huwa wanapita huko kuulizia mambo yao hata kama hawapandi tena.

Shikamoo mzee. Babu anasema mwaka 1969 walitoka Mombasa kwenda London wakazunguka Afrika Kusini yote, na rafiki zake wawili wanaokujaga nyumbani wanamuunga mkono. Mimi nimeangalia ramani, Mfereji wa Suez huo hapo unakatisha vizuri tu. Hawa wazee si wanatupiga fiksi? (Kijana wa Temeke)

Marahaba mwanangu, nenda kamuombe babu radhi sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Suez ilifungwa Juni 1967 kwenye ile vita ya Israeli na Waarabu na haikufunguliwa mpaka tarehe 5 Juni 1975. Miaka minane! Kwa hiyo ukitoka Mombasa au Dar kwenda Ulaya ilikuwa unashuka mlango wa Msumbiji, unazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, unapanda Afrika Magharibi yote, labda mnasimama Las Palmas kuchukua mafuta, ndo unaingia kule kwenye Ghuba ya Biscay inayotapisha hata watu wazima. Kwa mwendo wa meli zile ilikuwa kama wiki nzima zaidi kuliko kupita Suez. Na Durban na Cape Town unapita mbali unaona taa tu, sababu nchi zetu hazikuwa na biashara na makaburu.

Tena kulikuwa na wenzetu waliokutwa ndani ya mfereji vita vilipoanza, meli 14 zikanasa kwenye Ziwa Chungu Kubwa, Waingereza, Wajerumani, Wamarekani, Waswidi, Wapolandi na wengine, zikakaa humo miaka yote hiyo, mchanga wa jangwani ukazifunika mpaka watu wakaziita kundi la meli za manjano. Wale mabaharia badala ya kugombana, maana nchi zao zingine zilikuwa haziivi kabisa, wakaunda chama chao, wakachora stempu zao wenyewe za barua, na mwaka 1968 dunia iko Mexico wao wakafanya olimpiki yao humo humo ziwani. Mwisho wa yote zilizorudi kwao kwa injini zao wenyewe ni mbili tu, za Wajerumani, Münsterland na Nordwind, zikaingia Hamburg Mei 1975, maana zilitolewa kidogo kabla mfereji haujafunguliwa rasmi. Mi kila nikilalamika mkataba wa miezi 14 ni mrefu nilikuwa nawakumbuka hao.

Babu akikuambia mawimbi ya kule Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, yalikuwa yanaficha meli nzima, mwamini pia, ule mkondo unashuka na bahari ya kusini magharibi inapanda, vikikutana hapo ni balaa. Akikuambia asubuhi walikuwa wanaokota samaki kwenye deki bila kuvua, mwamini, wapo samaki wanaoruka usiku wanaangukia humo, kuki, yaani mpishi, anawakaanga na chai. Akikuambia papa naye aliruka, hapo sasa mwambie babu pumzika kidogo.

Shikamoo baba. Mimi ni mama wa Mombasa. Mume wangu ana miaka 71, wenzake wanne wa melini wamempata kupitia grupu la Wasap, sasa kila Ijumaa baada ya Isha wako barazani kwetu mpaka saa sita za usiku, na mimi ndo wa kupika. Nimefurahi kumuona anacheka, alikuwa kimya sana tangu astaafu. Ila wiki iliyopita mmoja alisema "yule wako wa Santos" halafu nilivyotokea na sinia wote kimya, wakaanza kuongelea mvua. Nimuulize ama ninyamaze? (Mama wa Majengo)

Marahaba mwanangu. Hii barua niliisoma mara tatu, na nimewauliza na wale wenzangu sita, na wote walikohoa.

Muulize. Lakini si barazani, wala si na sinia mkononi. Subiri wageni waende, vyombo vioshwe, kaa naye. Nikuambie ukweli wa mambo yalivyokuwa ili ujue unauliza nini. Siku hizi meli ya makontena inaingia bandarini inaondoka baada ya saa kadhaa, mabaharia wengine wanamaliza mkataba hawajakanyaga nchi kavu. Sisi mzigo ulikuwa magunia ya kahawa, marobota ya mkonge na pamba, masanduku, kila kitu kwa winchi na mikono ya makuli, mvua ikinyesha ngama zinafungwa mnangoja. Wiki mbili bandari moja ilikuwa kawaida. Mtu ana miaka 23, ana mshahara mfukoni, barua kutoka nyumbani inamfuata kwa wakala wa meli imechelewa miezi miwili, mkifika Santos kule Brazili barua yenyewe imeshapelekwa Rotterdam. Sisemi hivyo kumtetea. Wapo waliokuwa wanatoka melini wanaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya misheni ya mabaharia kucheza meza na kuandika barua, na wapo ambao hawakwenda huko, na wote tulikuwa meli moja.

Na kama alimuacha mtoto huko, huyo mtoto sasa ni mtu mzima mwenye miaka 40 na ushee na anaweza kuwa anamtafuta, siku hizi wanapima DNA wanapata ndugu mpaka visiwa ambavyo hata sisi hatukuvifika. Afadhali mlijue nyinyi wawili kwanza kuliko wanao waje kuletewa habari kwenye simu.

Jambo la pili, na hili nakuomba kabisa. Ijumaa ijayo usipike, hao wazee wote walishawahi kumenya viazi melini na mikono bado wanayo. Kaa nao. Wakimaliza kusema dhoruba ya Biscay waambie na wewe usiku ule mtoto alipopata degedege ukamvusha feri ya Likoni peke yako huku wao wako Rotterdam wananunua redio. Mimi mke wangu alikuja kunisimulia yake nikiwa na miaka 66. Nilidhani namjua.

Mzee habari. Baba yangu alikuwa faiamani, mtu wa moto wa boila melini, miaka ya 60 na 70. Kakutana na wenzake wawili wa injini, wakajikuta wote watatu wanapumua kwa shida na kukohoa kikohozi kikavu, wanacheka wanasema ni "kikohozi cha meli". Ni kweli kipo? (Binti, Dodoma)

Sicheki na hili. Mabomba yote ya mvuke kwenye injini za zamani yalikuwa yamefungwa asbesto, ukitengeneza bomba unaichana kwa mkono, vumbi jeupe kwenye nywele, kwenye bakuli la chai, hakuna aliyevaa kitu puani. Meli mpya zilikatazwa kabisa kuwekewa asbesto mwaka 2011 tu, na kabla ya hapo kuanzia 2002 katazo lilikuwa na nafasi chache za kuruhusu. Madhara yake kwenye mapafu yanaweza kukaa miaka 20, 30, hata zaidi ya 40 ndo yatokee. Inawezekana ni kitu kingine kabisa, moyo, kifua kikuu, sigara za bure za bandarini, ndo maana wapelekwe hospitali wote watatu, na wewe binti uingie naye kwa daktari useme kwa mdomo wako "alifanya kazi chumba cha injini miaka kadhaa, kulikuwa na asbesto". Daktari kijana hawezi kulifikiria hilo mwenyewe, kwenye fomu inaandikwa mstaafu tu.

Niko London. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliondoka Unguja akapanda meli za Waingereza kuanzia miaka ya 50. Hakuacha karatasi hata moja. Nataka kujua alipanda meli zipi, labda nipate hata mmoja aliyesafiri naye. (Msomaji)

Hapo una bahati kuliko kaka yetu wa Tanga, maana Mwingereza anaandika kila kitu na hatupi. Kila safari ilikuwa na orodha ya mabaharia, jina, umri, alikozaliwa, anwani, cheo, meli aliyotoka, siku ya kupanda na kushuka, na sahihi yake. Orodha nyingi, kama asilimia 70, za 1863 hadi 1938 na za 1951 hadi 1976 hazipo hata Uingereza, zipo Kanada, Newfoundland, kwenye Maritime History Archive ya Chuo Kikuu cha Memorial. Zile za miaka inayoishia na tano, mfano 1955 na 1965, ziko makumbusho ya bahari ya Greenwich, hapo kwenu. Na nyaraka za Kew, National Archives, wanayo majalada ya mabaharia mmoja mmoja, mengine yana picha.

Ila unahitaji jina la meli moja angalau ndo uanze kurudi nyuma. Na tafuta jina lake kwa kila namna ya kukosea, karani wa Cardiff alikuwa anaandika Juma anavyosikia yeye, J, G, mpaka Y. Ukimpata, usisome mstari wake peke yake. Soma waliomzunguka, wote wenye anwani ya Unguja, Mombasa, Lamu. Hao ndo aliokuwa analala nao chumba kimoja.

Meli yetu ya zamani iko wapi siku hizi? (Wengi mmeuliza)

Imekatwa. Samahani kwa kusema hivi kavu. Meli za miaka ile karibu zote zilibadilishwa jina mara mbili tatu, bendera ikawa Panama au Liberia, halafu safari ya mwisho ufukweni kwa wakata vyuma, Gadani Pakistani, Chittagong Bangladeshi, au Alang India. Alang maji yanajaa juu sana, wanasubiri maji makuu, wanaipiga injini mwendo wote mpaka meli inapanda mchangani yenyewe, maji yakipwa watu wanaingia na gesi ya kukatia vyuma. Kuna mwenzetu alifanya safari hiyo ya mwisho, anasema alipozima jenereta kukawa kimya mpaka akasikia kunguru.

Sisi ni sita, tunataka kukutana kwa mara ya kwanza. Tufanyie wapi, hoteli? (Kikundi, Mombasa)

Hoteli ya nini, mtakaa kwenye viti vyenye vitambaa mnaogopa kuongea. Nendeni Mama Ngina jioni, nunueni muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, madafu, kaeni kwenye ukuta. Pale mlango wa Kilindini ni mwembamba, meli inapita karibu unaweza kumuona mtu wa omo, kule mbele ya meli, anangoja amri ya nanga.

Mwaka jana tulikaa pale na Hamburg, nilimleta kwa basi kutoka Mtwara kuja kuona. Masaa mawili hatujaongea la maana, yeye haoni vizuri tena jicho la kushoto. Ikaingia meli ya mizigo ya kawaida, nyekundu imepauka, si ya makontena, siku hizi ni chache. Hamburg hakuiangalia, alikuwa anamenya muhogo, kainua kichwa tu kusikiliza. Akasema, "Silinda moja haipigi sawa."

Nikamwambia acha fiksi.

"Ngoja," akasema, "wataenda taratibu mpaka gatini, halafu usiku wataifungua. Nani ana zamu ya saa sita huko, maskini."